Ndani Yake Kuna Nani?

Mafundi wote wa kompyuta niliowahi kuwajua huanza na swali moja: imefanya nini? Ukiwapelekea mashine iliyokufa wanataka kujua ilizimikaje, ilitoa moshi au haikutoa, na wewe uliigusa wapi. Yeye hakuanza hivyo. Alipokea boksi kwa mikono miwili, akaliweka juu ya meza iliyotandikwa gazeti, akavuta kiti, akakaa. Halafu alikutazama juu ya miwani na kuuliza, "Ndani yake kuna nani?"

Siyo kuna nini. Kuna nani. Wateja wapya walidhani bibi wa watu amechanganyikiwa. Mfanyabiashara mmoja wa mbao alimjibu kwa dharau kwamba ndani kuna nyaya. Akarudishiwa boksi lake hapohapo, akaambiwa aende nyumbani akafikiri. Yule bwana alirudi baada ya siku mbili, amenywea, na karatasi yenye majina ya vibarua wake wote wa msituni na siku ambazo kila mmoja alikwenda kazini. Ndipo mashine yake ikafunguliwa.

Mimi namwita Mwalimu. Alinifundisha kupiga taipu kabla hajawa fundi wa kitu chochote, na hadi leo nikitaka kuandika jina lake tupu najiona kama nimeingia kwake bila kupiga hodi. Wengine walimwita Mama Taipu, na baadaye Bibi Kompyuta. Yote aliyaitikia kwa uso uleule wa kutopendezwa.

Mwaka ambao mimi mwenyewe nilimpelekea boksi, jibu la swali lake lilikuwa watahiniwa sabini na wanane wa kidato cha nne, na kibarua changu juu yake. Alama zao zote za maendeleo za miaka miwili zilikuwa ndani ya mashine iliyofia mikononi mwangu, na zilitakiwa kufika Iringa baada ya siku sita. Bila alama hizo, matokeo ya watoto wale yangezuiwa. Nitafika huko. Lakini huwezi kuelewa alichofanya siku ile kama hujui alikuwa mtu wa namna gani, na kusema kweli nina hamu ya kumsimulia, kwa hiyo nivumilie.

Darasa lake lilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, Njombe mjini. Mashine za taipu zilikuwa kumi na moja, mbili kati yake mbovu, na sisi wasichana tulikuwa ishirini, kwa hiyo tulipokezana. Asubuhi za Juni unajua zilivyo kwetu: ukungu umekaa mpaka saa nne, na ukisema neno unaliona likitoka mdomoni. Mwalimu aliweka jiko la mkaa mlangoni. Hakuna aliyekaa kwenye mashine kabla ya kuchutama pale, kunyoosha vidole juu ya moto na kuhesabu hadi ishirini. "Vidole vya baridi vinaandika uongo," alikuwa anatuambia.

Tulipokaa, alitufunika mikono kwa kanga ili tusiziangalie herufi. Yeye alisimama nyuma kabisa, mgongo ukutani, akatusikiliza. Naam, alitusikiliza. Mashine tisa zinalia kwa pamoja kama mvua juu ya bati, yeye anasema, "Wewe wa dirishani, umekosea." Na kweli msichana wa dirishani amekosea. Miezi ya mwanzo tuliamini ni mchawi. Baadaye sana nilimuuliza, akaniambia ni jambo rahisi: mtu aliyebonyeza vibaya husita kidogo kabla ya herufi inayofuata, na yeye alichokuwa anasikiliza ni kule kusita.

Alisahihisha kwa kalamu nyekundu. Kosa alilizungushia duara, basi. Hakuandika "vizuri," hakuandika "jitahidi." Karatasi isiyo na kosa ilirudi kama ilivyokwenda. Mara ya kwanza kupata karatasi safi nilimrudia kulalamika kwamba amesahau kusahihisha ya kwangu. Alinitazama muda mrefu, nadhani alikuwa anatafuta kosa usoni kwangu, halafu akaniambia nikakae.

Kulikuwa na neno moja alilolipiga marufuku darasani, nalo ni "karibu," ile ya kusema karibu namaliza. "Barua iliyokaribia kwisha haitumwi popote," alisema. Mpaka leo wanangu wakiniambia wanakaribia kumaliza kazi za shule, mdomo unanichezacheza.

Hakuwa na umbo la kuogopesha. Alikuwa mfupi, na mwaka mzima alivaa koti la kiume la mtumba lenye mifuko mikubwa, penseli imechomekwa kwenye nywele. Ndani ya mifuko ile kulikuwa na kila kitu: bisibisi, sindano, karanga, utepe wa taipu uliokwisha wino. Aliwahi kuingiza mkono atoe kitambaa cha kufutia miwani akatoa kiazi kilichochemshwa. Akakitazama, akakirudisha, akaendelea na somo. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Halafu nchi ikafungua milango. Mitumba ilikuja, redio zikaja, na nyuma yake zikaja kompyuta zilizochoka kazi kwenye ofisi za Ulaya. Zilipanda kwa malori kutoka Dar es Salaam hadi Makambako pale njia zinapogawanyika, na kutoka pale zikasambaa Njombe, Songea, Mbeya na kwingineko. Ofisi zilizokuwa na wapiga taipu wanne zikabaki na mmoja na kompyuta moja. Darasa la Mwalimu likashuka kutoka wasichana ishirini hadi watatu. Mwingine angelia, au angekwenda kulima viazi. Yeye alifunga darasa siku ya Ijumaa, na Jumatatu akapanda gari kwenda Makambako kumtafuta adui yake.

Adui alikuwa ndani ya stoo moja karibu na stendi. Mwenye stoo alikuwa mzee wa Kiislamu aliyehamia kutoka Lindi, msafirishaji, ambaye mji mzima ulimwita Shehe. Ni yeye aliyenisimulia jinsi mwanamke mfupi mwenye koti la kiume alivyoingia na kuomba auziwe kompyuta iliyokufa.

"Mama, ninazo nzima," Shehe alimwambia. "Hii hapa inawaka, ona."

"Nzima sitaki."

"Iliyokufa utaifanyia nini, mama yangu?"

"Nzima itanificha mambo," akajibu Mwalimu. "Iliyokufa haina siri."

Aliichukua, akapanga chumba mtaa wa pili, akaifungua juu ya gazeti. Kila alichokitoa alikichora kwenye daftari: ukubwa wake, mahali kilipokuwa, kilishika nini na nini. Alifungua na kufunga, akafungua na kufunga. Shehe alikuwa anapita jioni kunywa chai na kumcheka, halafu akawa anapita kunywa chai na kuuliza maswali, na mwisho akawa anapita na mashine zake mwenyewe zilizomshinda. Baada ya miezi kadhaa mashine ile iliyokufa iliwaka. Shehe aliniapia kwamba Mwalimu hakutabasamu. Alichukua penseli kichwani, akapiga mstari chini ya mchoro wa mwisho, akaizima ili aanze tena kuhakikisha haikuwa bahati.

Alikuwa amepita miaka hamsini. Naliandika hili kwa makusudi, maana siku hizi nakutana na watu wa miaka thelathini wanaosema mambo ya kompyuta yamewapita.

Urafiki wake na Shehe ulikuwa wa kugombana. Waligombania sukari, waligombania siasa, waligombania kama viazi vya Matamba ni bora kuliko vya Njombe, ilhali Shehe hakuwa na shamba hata la maua. Ulipofika mwezi wa Ramadhani, Mwalimu, Mlutheri wa kupindukia, alifunga mlango na kunywa chai yake akiwa ameupa uso ukuta, ili Shehe akipita asimwone. Shehe alijua. Alikuwa anakohoa kwa nguvu akiwa bado mbali ili ampe nafasi ya kuficha kikombe.

Ajabu ni kwamba kompyuta yenyewe hakuipenda hata kidogo. Barua zake zote aliendelea kuziandika kwa taipu. "Kilicho kwenye kioo bado hakijaandikwa," alisema, na hakuna mteja aliyeondoka kwake bila kuchapishiwa kwenye karatasi kile alichokiogopea zaidi. Alikuwa na mengine ya ajabu. Yeye aliyetukataza kula darasani alitafuna karanga juu ya mashine zilizofunguliwa. Yeye aliyemfukuza mteja kwa uongo mdogo alimdanganya daktari kuhusu sukari, na umri wake kila mtu alipewa wa kwake. Mashine ilipokuwa inafanya kazi ndefu aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti isiyokaa kwenye noti yoyote. Shehe alikuwa anamwambia kutoka mlangoni, "Mwalimu, itaamka yenyewe, usiitishe."

Kitu kimoja kilimtoa kwenye utulivu wake: mafundi wa kupiga windo. Kwa mafundi wengi wa mtaani kila ugonjwa wa kompyuta ulikuwa na dawa hiyohiyo. Wanaingiza sidii, wanafuta kila kilichomo, wanaiwekea mashine programu yake kuu upya, na wewe unarudishiwa kitu kinachowaka vizuri na hakikujui. Nusu saa tu. "Huko siyo kutibu," Mwalimu alisema. "Ni kumzika mgonjwa na kuzaa mwingine, halafu unamwambia mama yake mtoto amepona."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo kwa sababu naye aliwahi kuzika. Hili hakulificha, alikuwa analisema mbele ya mteja yeyote. Katekista mmoja mzee wa Matamba, kule juu Makete, alimletea kompyuta ambayo madabodi yake ilikuwa imekufa, yaani ule ubao mkubwa ambao vitu vyote vya ndani vimechomekwa. Mwalimu akaweka mwingine, wa aina tofauti. Mashine ikakataa kuamka vizuri. Kitabu alichokuwa anakifuata kikasema piga windo. Akapiga. Kwenye mashine ile kulikuwa na nyimbo za harusi za Kikinga ambazo yule mzee alizikusanya kwa vikongwe miaka mingi, na baadhi ya vikongwe hao walikuwa wamekwisha kufa. Hakuna aliyemuuliza ndani kuna nani, na yeye hakuuliza.

Mzee hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti, akaomba maji. Mwalimu alisema angepigwa kofi angefurahi zaidi. Jumamosi iliyofuata alipanda lori lililokuwa linakwenda kupakia viazi, akafika Matamba amekauka kwa baridi, akakaa jikoni kwa yule katekista na taipu yake magotini. Mzee akaimba zile alizozikumbuka, yeye akaandika. Hakujua Kikinga, alikuwa Mbena, kwa hiyo aliandika herufi kwa herufi, na kila mstari alimsomea mpaka mzee aseme ndiyo. Alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine, kwa karibu mwaka. Zilizopatikana zilikuwa zaidi ya nusu kidogo. Aliniambia kwamba zile ambazo hazikupatikana anazifahamu kwa idadi, na hiyo idadi hakuniambia.

Tangu hapo ndipo swali lake lilipoanza.

Sasa niseme makosa yangu. Nilikuwa katibu muhtasi wa shule ya sekondari nje kidogo ya Njombe. Shule ilipata kompyuta, moja tu, na nilikabidhiwa mimi kwa sababu nilijua kupiga taipu bila kuangalia. Alikuja mtaalamu kutoka mjini akaiwekea programu maalumu ya alama, akatufundisha asubuhi moja, akaondoka na sidii yake. Walimu wakaniletea karatasi za alama, nikaziingiza zote. Karatasi zenyewe, zilipokwisha kazi, nikazitumia kuwashia jiko la ofisini. Usinicheke. Ukiwa Njombe mwezi wa saba, karatasi kavu ni mali.

Na mashine nayo niliionea huruma. Asubuhi ilikuwa baridi mpaka ukiigusa unashtuka. Nikaleta blanketi jekundu kutoka nyumbani, nikalifunika lile boksi, nikaacha kioo na vitufe tu nje, na mashine ikafanya kazi hivyohivyo kutwa nzima imejifunika. Ilivuma kidogo, nikadhani inashukuru. Mkuu wa shule alipita akaniambia nimeitunza vizuri. Tulikaa hivyo zaidi ya mwezi, hadi Jumanne moja chumba kilipojaa harufu ya plastiki na kioo kikawa cheusi.

Fundi wa Njombe alisema madabodi imekwisha. Akaweka nyingine aliyokuwa nayo, ya aina tofauti. Mashine ikaamka, ikatoa kioo cha bluu chenye maandishi meupe, ikazimika. Ikaamka tena, bluu tena, ikazimika tena.

"Hii ya kawaida, dada," alisema. "Nakupigia windo, nusu saa unaondoka nayo."

"Na alama zilizomo?"

"Alama si utaingiza tena?"

Kidole chake kilikuwa kimeshakaa juu ya kitufe. Nilichomoa waya ukutani. Alinitazama kama mwendawazimu, na huenda nilikuwa. Nilichukua boksi pamoja na ule ubao uliokufa, na asubuhi ya Jumatano nikawa Makambako.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, mwanangu. Ingia, unatetemeka." Alikuwa amezeeka kuliko nilivyomtarajia, na miwani ilikuwa minene zaidi. Akapokea boksi kwa mikono miwili, akaliweka kwenye gazeti, akauliza swali lake.

Nikamjibu. Akasukuma karatasi na kalamu. "Waandike."

"Wote, Mwalimu? Wako sabini na wanane."

"Si ndio unaotaka niwatoe? Nijulishe."

Niliandika. Nilifika sabini na moja, kichwa kikakauka. Akahesabu mistari kwa ncha ya penseli. "Hawa saba hawana mama?" aliuliza. Nilianza kulia, na sikulia kwa ajili ya kibarua changu tena. Alinisogezea chai, akaongeza sukari kijiko cha tatu, na kwake mwenyewe cha nne.

Kwanza alichomoa diski, akaichomeka kama mgeni kwenye mashine yake, akanakili kila kilichomo. Faili la alama lilikuwepo, lakini halikufunguka. Programu yake ilikuwa ndani ya mashine ya shule tu, na sidii aliondoka nayo mtaalamu. Kwa hiyo kunakili hakukutosha. Ilibidi windo lilelile la zamani liamke juu ya madabodi mpya, bila kufutwa.

"Umemhamisha mtu akiwa usingizini," alinieleza. "Akiamka anatafuta mlango pale ulipokuwa, anajigonga ukutani. Hatumuui. Tunamwonyesha nyumba."

Akaweka sidii. Kioo kikatoa maandishi ya Kiingereza, na mojawapo ya njia ilikuwa ya kurekebisha. Nikashangilia. Akanipiga kidogo kwenye kiganja. "Hiyo siyo. Neno hilo linakuja mara mbili, na la kwanza ni la kazi nyingine. Hapa unasema kama vile unataka kuweka upya. Ukiendelea mbele, mashine ikimwona wa zamani itakuuliza tena. Isipomwona, tunasimama hapohapo."

"Umefanya mara ngapi, Mwalimu?"

"Kwa madabodi ya aina hii? Sijafanya."

Akabonyeza. Mashine ikapekua diski. Nilisikia ikikwaruza, nikasikia pikipiki nje, nikamsikia Mwalimu hapumui. Halafu kioo kikaandika kwamba kimeliona windo lililokuwepo, na chini yake, mara ya pili, njia ya kurekebisha. Akabonyeza herufi yake bila kusita.

Kazi ilichukua saa nzima na nyimbo za kanisani tano. Shehe alikuja akasimama mlangoni, akasikia habari, kwa mara ya kwanza hakutania. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akavuta tasbihi yake. Mashine ilipoomba namba ndefu ya kwenye kibandiko, mimi nilisoma na Mwalimu aliandika akiwa ameangalia dirisha. Ikazimika, ikawaka. Rangi zilikuwa mbaya na maandishi makubwa kama ya kitabu cha darasa la kwanza, lakini ilikuwa picha ileile niliyoiacha Jumanne. Nikafungua programu ya alama. Majina yakashuka moja baada ya jingine, na wale saba walikuwemo, kila mmoja na alama zake. Shehe alisema alhamdulillahi. Mwalimu alisema, "Chapa. Nakala tatu."

Karatasi zilipotoka nilidhani tumemaliza. Akaniomba ule ubao wa zamani. Akaugeuza kwenye mwanga, akanionyesha vile vidude vya duara vilivyovimba vichwa, halafu akatumia sindano kuvuta kitu kwenye feni yake, taratibu, akakiweka juu ya karatasi nyeupe mbele yangu. Manyoya mekundu. Aliandika kichwa cha taarifa ya matengenezo, akaacha nafasi kwenye chanzo cha hitilafu, akanisogezea vitufe.

"Mkuu wa shule akiisoma atanifukuza," nilisema.

"Andika."

Niliandika. Niliandika blanketi, niliandika mwezi mzima, niliandika na karatasi za alama nilivyozitumia kuwashia jiko. Sikusita hata mahali pamoja, maana nilijua ananisikiliza. Ilipochapishwa nikaisaini, alichomoa kalamu nyekundu, akapita mstari kwa mstari. Hakupata kosa. Lakini hakunirudishia. Aliipeleka kwenye taipu yake iliyokuwa pembeni, akaipachika, na chini ya sahihi yangu akapiga maneno haya, kisha akasaini:

"Katibu muhtasi huyu nilimfundisha mimi. Kila jioni, kwa mwaka mzima, nilimwagiza afunike mashine kabla ya kwenda nyumbani, na nilimwambia mashine inayojaliwa hufunikwa. Zilipokuja mashine zinazohitaji hewa, sikurudi kumwambia. Kosa hili ni la watu wawili."

Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau kabisa vile vitambaa tulivyovishona wenyewe darasani, na kwamba mkono wangu ulijifunza kufunika kabla sijajua kwa nini. Yeye hakusahau. Nadhani alijua tangu alipoyaona manyoya.

"Mwalimu, hii si haki," nilimwambia. "Wewe umetuokoa."

"Mpelekee. Akitaka kufukuza, aandike barua mbili."

Alama ziliondoka kwenda Iringa Ijumaa, zikafika mapema. Jumatatu nilimpelekea mkuu wa shule taarifa. Alisoma akiwa amesimama, akakaa, akasoma tena. Aliuliza kama watoto wote wamo, nikasema wote sabini na wanane. Akafungua jalada la vifaa, akaitoboa karatasi, akaiweka ndani, akaniambia lile blanketi nikajifunike mwenyewe. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.

"Na huyu aliyesaini hapa chini ni nani?"

Nilikuwa nimeingia ofisini kwake nimeinama kwa aibu. Sikumbuki nilinyooka saa ngapi, lakini nilimjibu nikiwa nimesimama wima, kwa sauti ambayo ilisikika hadi chumba cha walimu.

"Ni mwalimu wangu."